Kupelekwa Asumbi

Nyumbani kwetu, ukisema fulani "alipelekwa Asumbi", utaulizwa hapo hapo: kupelekwa kufanya nini? Mahali ni pamoja, lakini njia za kufika ni mbili. Asumbi iko Rangwe, Kaunti ya Homa Bay, upande wa kuelekea Kisii. Kuna misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa na mapadri wa Mill Hill mwanzoni mwa karne ya 20. Kuna masista, kuna shule ya upili ya wasichana, na kuna chuo kilichotoa walimu wa shule za msingi kizazi baada ya kizazi. Halafu kuna kituo cha kutibu watu walioshindwa na pombe na dawa za kulevya. Hicho ndicho kilichofikisha jina Nairobi. Msee wa Buruburu ambaye hajawahi kuvuka Nakuru anaweza kukwambia "huyo jamaa anafaa apelekwe Asumbi" huku akidhani Asumbi ni jina la dawa.

Mwalimu wa mjomba wangu alipelekwa kwa njia ya kwanza, mwanzoni mwa miaka ya sabini, akiwa na sanduku la mbao na godoro jipya. Mjomba mwenyewe alipelekwa kwa njia ya pili, mwaka 2003, kwenye kiti cha nyuma cha Peugeot ya kukodi, katikati ya kaka zake wawili wamemshika mikono. Nilikuwa na miaka saba. Niliambiwa anaenda kusoma.

Mjomba alikuwa winga wa kulia. Miaka ya themanini alichezea timu ya shirika moja la umma Nairobi, na ukiwauliza wazee wa hapa watakuonyesha kwa mikono jinsi alivyokuwa akimpita beki: bega huku, mguu kule. Asubuhi alikuwa karani wa stoo kwenye shirika lilelile, saa tisa yuko mazoezini. Mwaka 1991 goti likageuka kwenye mechi ambayo hata matokeo yake hayakumbuki. Akabaki na stoo. Mwaka 1996 ikaja barua ya kupunguzwa wafanyakazi, na stoo nayo ikaenda. Alirudi nyumbani na redio, viatu vya njumu na shilingi ambazo ziliisha kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Chang'aa haikuhitaji shilingi nyingi.

Siku hizi tunaongea sana kuhusu afya ya akili ya wanamichezo, na tunaongea kana kwamba habari ilianza Julai 2021, Simone Biles alipojiondoa kwenye fainali ya timu kule Tokyo, dunia nzima ikagundua kwamba mtu anayeruka hivyo anaweza pia kuchoka kichwani. Mimi namheshimu Biles. Lakini sisi tuna historia yetu ya jambo hili, ndefu na ya karibu, na sehemu yake kubwa inapita kwenye swali ambalo mjomba alinifundisha kuliuliza bila yeye kujua: nani anakujua kwa kitu kingine mbali na mchezo wako?

Zamani jibu lilikuwa rahisi. Ni mwalimu.

Wakati wa mkoloni Asumbi na Kisii zilikuwa wilaya moja, South Kavirondo, makao makuu yakiwa Kisii mjini. Ni kutoka upande huo wa vilima ndipo alipotokea Nyantika Maiyoro, nyota wa kwanza wa mbio ndefu wa nchi hii kabla hata haijawa nchi. Mwaka 1954 alikwenda Vancouver kwenye michezo ya himaya, na mwaka 1956, Kenya ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, akamaliza wa saba katika mita 5,000 mjini Melbourne. Tusijidanganye kwamba Waingereza waliandaa mashindano kwa kutupenda. Ofisa wa michezo alikuwa ofisa wa serikali, na serikali ile iliona heri kijana akimbie uwanjani kuliko akae kwenye mkutano wa siasa. Lakini waliokuwa wakipanga watoto mstarini, wakichora uwanja na kupuliza filimbi kila Ijumaa, hawakuwa maofisa. Walikuwa walimu wa shule za misheni, na baadaye walimu waliotoka vyuo kama cha Asumbi wakiwa na cheti cha P1.

Mwalimu wa P1 alitakiwa kujua kila kitu. Hesabu, Kiswahili, kilimo, kwaya, na kuruka juu. Kwa hiyo kocha wako ndiye aliyejua kwamba hujui kugawanya, kwamba baba yako amefariki, kwamba hujala tangu jana. Si kwamba wote walikuwa watakatifu. Wengine walikuwa na kiboko, na kuna timu nyingi zilizochapwa kwa kushindwa. Mimi mwenyewe, shule niliyosoma, tulipigwa magoti kwenye changarawe baada ya kufungwa tatu bila, na mimi golikipa nikapewa dakika kumi za ziada. Bado nikisikia changarawe chini ya kiatu mwili unakakamaa. Kwa hiyo sisemi zamani kulikuwa kuzuri. Nasema tu kwamba yule mtu, mzuri au mbaya, alikuona Jumatatu asubuhi pia, siku ambayo hakuna mechi.

Mfano unaojulikana duniani uko Iten. Mwaka 1976 bruda wa Kiayalandi, Colm O'Connell, alifika St Patrick's kufundisha jiografia. Hakuwa kocha. Alianza kwa kusaidia, akabaki, na shuleni pale wakatoka Ibrahim Hussein, aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1987, na Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mjini Seoul mwaka 1988. Baadaye alimlea David Rudisha tangu akiwa kijana wa sekondari, mpaka siku ile ya Agosti 2012 London alipokimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91. Watu huenda Iten kutafuta siri ya O'Connell: ni milima? Ni ugali? Mimi nadhani sehemu ya siri ni jiografia. Mvulana aliyeshindwa kwenye mbio za Jumamosi alikuwa na mwalimu ambaye Jumatatu angemuuliza kuhusu mito ya Afrika Magharibi. Alikuwa na mahali pengine pa kufaulu au kufeli.

Jibu la pili la lile swali, kwa waliomaliza shule, lilikuwa mwajiri. Ukitazama majina ya timu za zamani unasoma historia ya ajira Kenya: Breweries, Posta, Reli, Pipeline, benki, jeshi, polisi, magereza. Naftali Temu, aliyeshinda dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya, mita 10,000 mjini Mexico tarehe 13 Oktoba 1968, alikuwa mwanajeshi. Kipchoge Keino, aliyeshinda mita 1,500 wiki moja baadaye, alikuwa mwalimu wa mazoezi katika polisi. Timu ilikupa mchezo na kazi kwa mkataba mmoja. Mchezo ukiisha, kazi inabaki, na pamoja nayo wenzako wa kantini, mkubwa wako anayekugombeza kwa kuchelewa, sababu ya kuvaa shati. Mpaka leo ndivyo ilivyo kwa kiasi fulani kwenye voliboli ya wanawake, na ndiyo maana utamkuta mchezaji wa timu ya taifa ambaye pia ni askari jela na ana cheo.

Haikuwa bima kamili. Temu alirudi nyumbani upande wa Kisii na maisha hayakuwa ya bingwa. Alifariki mwaka 2003 kwa saratani, akiwa na miaka 57, na magazeti yakakumbuka kwamba alikuwepo. Joe Kadenge, ambaye jina lake lilikuwa wimbo wa mtaani kila mtu alipoulizwa mpira uko wapi, aliendesha teksi Nairobi. Teksi ni kazi, sina neno nayo. Ninachotaka kusema ni kwamba Kadenge alikuwa na mahali pa kwenda asubuhi.

Miaka ya tisini ndipo sakafu ilipotoka. Serikali ilibanwa na wakopeshaji ipunguze wafanyakazi, mashirika yakauzwa au kugawanywa, na timu zikawa kitu cha kwanza kukatwa kwenye bajeti. Hapa kwetu tuna mfano wa karibu zaidi, wa miaka ya juzi tu. Kiwanda cha sukari cha Awendo, Migori, kilikuwa na SoNy Sugar, na mwaka 2006 timu hiyo ya mji wa miwa ilichukua ubingwa wa ligi kuu ya Kenya. Wazee wa Awendo wanakwambia mji haukulala. Mwaka 2019 timu ileile ilifukuzwa kwenye ligi kwa kukosa kufika kwenye mechi. Haikuwa na pesa za kusafiri. Miaka kumi na tatu, kutoka kombe hadi kukosa nauli. Sijui utamwelezaje kijana wa miaka ishirini aliyekuwa kwenye kikosi hicho kwamba tatizo si yeye.

Kwenye riadha mambo yalienda njia nyingine, kwa sababu huko pesa hazikupungua, zilifurika. Kuanzia miaka ya themanini wanariadha waliruhusiwa kulipwa waziwazi, wakaja mawakala, zikaja kambi, na kijana akawa anaondoka shuleni mapema kwenda mahali ambapo kila mtu anayemzunguka anaishi kwa miguu yake. Kocha, wakala, mpishi, binamu, mchumba. Nani kati yao atamwambia apumzike?

Samuel Wanjiru aliondoka Kenya mwaka 2002, kijana mdogo, kwenda kusoma na kukimbia Sendai, Japani. Baadaye aliingia timu ya kampuni, Toyota Kyushu, chini ya Koichi Morishita, ambaye mwenyewe alikuwa na fedha ya Olimpiki ya marathoni ya mwaka 1992. Yaani huko Japani alikuwa na kile ambacho mjomba wangu alikuwa nacho Nairobi miaka ya themanini: shule kwanza, halafu kampuni, halafu kocha anayekujua. Mwaka 2008 aliondoka kwenye timu hiyo, na mwaka huohuo, akiwa na miaka 21, akashinda marathoni ya Beijing kwa saa 2:06:32 katika joto ambalo wengine walikuwa wakilikimbia kwa kujihami. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Kenya kwenye marathoni ya wanaume. Akashinda London, akashinda Chicago mara mbili. Tarehe 15 Mei 2011 alikufa baada ya kuanguka kutoka ghorofani nyumbani kwake Nyahururu, na namna alivyoanguka ilibishaniwa mpaka mahakamani. Alikuwa na miaka 24. Nilikuwa sekondari nikasikia mtangazaji akisema "pesa zilimharibu", na watu wazima wote chumbani wakatikisa kichwa kukubali. Nilikubali pia. Leo naona ni sentensi ya uvivu. Pesa zilimkuta peke yake.

Miaka kumi baadaye ikawa mbaya zaidi, kwa sababu tuligundua kwamba mtu wa karibu anaweza kuwa ndiye hatari. Agnes Tirop alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake pekee mnamo Septemba 2021, dakika 30:01. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 13 Oktoba, alikutwa ameuawa nyumbani kwake Iten. Mume wake, ambaye pia alikuwa akisimamia mazoezi yake, alishtakiwa kwa mauaji, akakana. Wanariadha wenzake, wakiwemo Viola Lagat na Joan Chelimo, walianzisha Tirop's Angels ili msichana anayepigwa, anayenyang'anywa hela, au anayeogopa kulala nyumbani kwake awe na mtu wa kumpigia simu. Angalia walichoanzisha. Hawakutafuta kocha bora. Walitafuta mtu ambaye hahitaji ushindi wako.

Tarehe hiyo, 13 Oktoba, ndiyo ile ya Temu na dhahabu ya Mexico. Miaka 53 katikati. Sina la kufanya na jambo hilo, ila siwezi kulisahau.

Kuna mmoja ambaye watu wa Nyanza hatuwezi kumruka. Conjestina Achieng, binti wa Siaya, bondia, "Hands of Stone". Mwaka 2004 alipata taji la kimataifa, na alitajwa kila mahali kama mwanamke wa kwanza wa Afrika kufika hapo. Mimi nilikuwa darasa la pili, na wasichana wa darasa letu tulipigana ngumi wiki nzima, kila mmoja akitaka kuwa Conje. Halafu akaugua akili, na nchi iliyomshangilia ikaanza kumtazama kwa namna nyingine. Kila baada ya muda fulani anaonekana kwenye habari: ameonekana kijijini, amelazwa, ametoka, mwanasiasa amempeleka hospitali na kamera ziko. Kila mara watu wanaandika "inahuzunisha" na wanasambaza picha ambayo yeye hakuruhusu.

Nimelifikiria sana neno huruma kwa sababu yake. Kiswahili chetu kinalibebesha mzigo mkubwa. Unamhurumia ombaomba, unamhurumia mgonjwa, unatoa mia, unaendelea na safari. Tukisema kocha awe na huruma, wengi wanasikia awe laini, asipige kelele, aseme pole. Lakini Conjestina amepokea huruma ya aina hiyo kwa magunia. Aliyopewa mjomba wangu ilikuwa ya aina nyingine, na haikuwa na pole hata moja.

Mjomba alipotoka Asumbi baada ya miezi mitatu, kaka zake walimwogopa. Walimlisha vizuri na hawakumwambia chochote. Majirani walikuja wakamwambia ya mpira: unakumbuka goli lile, enzi zenu mlikuwa mnacheza, siku hizi hawa vijana hawajui kitu. Walidhani wanamjenga. Ananiambia kila walipoondoka alikuwa akitaka kwenda kunywa, kwa sababu mtu waliyekuwa wakimsifu alikuwa amekufa mwaka 1991 na yeye ndiye aliyeachiwa nguo zake.

Kisha akaja mwalimu wake wa darasa la saba, yule wa sanduku la mbao. Alikuwa karibu kustaafu. Alikuja kwa baiskeli, akakaa kwenye kiti cha mikono, akauliza kuhusu ng'ombe. Ng'ombe yule mwekundu bado yupo? Ana ndama? Mahindi mlipanda lini? Akanywa uji, akaondoka. Alhamisi iliyofuata akarudi: mbuzi. Alhamisi nyingine: ua la upande wa mto. Mjomba anasema wiki ya nne alitaka kumpigia kelele, "Mwalimu, si uulize!" Lakini mwalimu hakuuliza mpira. Wala hakuuliza pombe.

Wiki ya sita, au ya saba, akiwa anapanda baiskeli, akasema, kama mtu aliyesahau kitu kidogo: shuleni tuna michezo ya kanda Jumamosi, na mtu wetu wa kuchora uwanja ameenda Kisumu. Wewe unajua kuchora mstari kwa majivu?

Huyo mwalimu hakuwa na diploma ya ushauri nasaha. Mambo aliyofanya sasa yana majina na kozi: kumrudishia mtu ratiba, kumpa kazi ndogo yenye mwisho, kumtenganisha na jukumu lake la zamani bila kumnyang'anya ujuzi wake. Sidhani alikuwa ameyasoma Asumbi kwa maneno hayo. Lakini alikuwa amesoma kwamba darasani kuna watoto arobaini na mmoja wao ni winga, na baada ya miaka thelathini bado aliona mtoto, hakuona winga.

Mjomba alichora. Mstari ulienda kombo, mkono ulikuwa ukitetemeka bado. Jumatatu yake akaitwa kupanga majani ya kuzolea lami iliyomwagika getini, sijui lami ilitoka wapi, hiyo sehemu ya hadithi hubadilika kila anapoisimulia. Baadaye akawa anasaidia wavulana wadogo, baadaye wasichana. Halipwi na serikali. Ana posho ya kamati ya wazazi wakati kamati ina kitu, na ana shamba. Ukimuuliza kazi yake anasema mkulima.

Mimi niliyajua haya yote na bado hayakunisaidia ilipofika zamu yangu. Nilicheza golini kwa timu moja ya wanawake Nairobi kwa misimu minne. Msimu wa nne bega lilichomoka mara mbili, na baada ya mara ya pili kocha akaacha kushika simu zangu. Hakunifukuza, hapana. Alinitoa kwenye kundi la WhatsApp. Nilijua kwa sababu niliamka asubuhi simu ikiwa kimya. Nilikuwa na miaka 23, chumba Umoja, godoro, friji ya mtu mwingine. Nililala. Sijui nisemeje ielewe mtu ambaye hajapitia: mwili ulikuwa mzima lakini kwenda bafuni ilikuwa safari ya kupanga. Niliwaambia watu nina homa. Wiki tatu za homa, na hakuna aliyeshangaa.

Mjomba akapiga simu. Alikuwa ameambiwa na mama kitu fulani, kidogo. "Okewa," akasema, ndivyo anavyoniita, mtoto wa dada, "siku hizi unaamka saa ngapi?"

Nikamwambia saa tano, wakati mwingine saa nane.

"Na unakula nini?"

Mkate.

"Mkate wa nini, mweupe au wa maziwa?"

Nikaanza kulia hapo kwenye mkate wa maziwa. Akasubiri. Hakusema nyamaza, hakusema utapona utarudi uwanjani. Nilipomaliza akasema yeye asubuhi ile alikuwa amekula viazi vitamu, na kwamba atapiga Alhamisi. Alipiga Alhamisi. Alipiga Alhamisi zote mpaka Aprili, na mara mbili tatu aliniuliza kama nimeshaenda kumwona yule daktari ambaye rafiki yangu alinitajia, kwa sauti ileile aliyotumia kuuliza viazi. Nikaenda. Daktari alinisaidia, na dawa zilinisaidia, naandika hili wazi kwa sababu sitaki mtu asome habari za ng'ombe na mbuzi akadhani hospitali haina maana. Mjomba mwenyewe asingefika kwenye majivu bila ile miezi mitatu ya Asumbi.

Sasa naandika matangazo ya redio. Sabuni, mbegu, sacco. Ni kazi nzuri kuliko nilivyotarajia. Kuna siku naipenda. Watu wakijua nilicheza huniuliza kama nina hamu ya kurudi na siku hizi nasema ndiyo, kwa sababu ni kweli, na pia naweza kusema ndiyo bila kulala tena wiki tatu.

Mwalimu alifariki kabla sijapata kumuuliza lolote. Kwenye mazishi yake alikuwepo kila aina ya mtu: makarani, madereva, padri mmoja, mwanamke aliyekuwa bingwa wa mkuki wa wilaya ambaye sasa anauza samaki Homa Bay, wanaume wawili waliokuwa wamepitia Asumbi kwa njia ya pili na wakasema hivyo kwenye kipaza sauti bila aibu. Hakuna aliyesoma orodha ya vikombe. Nilitarajia vikombe.

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani, na Ijumaa jioni mjomba akanipa ndoo ya majivu. Wasichana walikuwa na mechi kesho yake na timu ya upande wa Rodi Kopany. Nilianza kwenye bendera ya kona, nikaenda kinyumenyume, nimeinama, bega likilalamika kidogo. Nilipofika katikati nikasimama nikatazama. Mstari ulikuwa umepinda kama mkia wa mbwa.

Nikamwambia nera, nifute nianze tena?

Akautazama. Akatazama jua lilivyobaki.

"Wacha," akasema. "Maliza upande ule mwingine, giza linaingia."